Siku Niliyosaga Mahindi Ili Mwinjilisti Asikike

Nina aibu zangu kadhaa, na nyingine nimezizoea kiasi kwamba nazitaja mwenyewe kabla watu hawajazitaja, lakini hii ya mashine ya kusaga nimeikwepa miaka yote, na kama nisingejua kwamba mmeshasikia nusu yake huko njiani (tena nusu iliyotiwa chumvi, eti nilikutwa nimejificha ndani ya gunia) nisingefungua kinywa. Sikujificha ndani ya gunia. Nilijificha nyuma yake.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, uhuru ukiwa bado ni maneno ya watu wa mjini, nami nilikuwa kijana niliyetoka kwetu upande wa Kalenga na suruali mbili na sanduku la vyuma. Jeshini wakati wa vita waliniweka kwenye mawasiliano, nikajifunza redio, na niliporudi nikakaa Iringa mjini nikitengeneza redio za wenye maduka, kisha nikaitwa Mbeya, na kutoka Mbeya nikapelekwa kwenye misheni moja milimani kwa Wanyakyusa, mahali ambapo mvua haiji na kuondoka kama kwetu bali inahamia kabisa. Walitaka mtu wa kuangalia umeme wao. Jina langu halikuwashughulisha, wakaniita Fundi Mhehe, nami nikaitika.

Umeme wenyewe ulitoka mtoni. Bondeni chini ya kanisa palikuwa na gurudumu la maji, na kwenye mhimili wake kulikuwa na mikanda miwili, mmoja unazungusha jiwe la kusagia mahindi na mwingine unazungusha dainamo. Kwa hiyo unga wa watu na taa za kanisa vilikuwa watoto wa mama mmoja. Siku sita za juma jiwe liliunguruma tangu asubuhi, wanawake wamepanga foleni na mizigo yao, na siku ya saba jiwe lilinyamaza na dainamo peke yake ikaendelea, ili madhabahuni pawe na mwanga, maana kanisa lile lilikuwa na giza hata saa nne.

Jumapili hakuna kusaga. Hilo halikuwa jambo la kujadiliwa, na sababu yake ilikuwa Mwinjilisti Ambakisye. Mzee huyu ndiye aliyelijenga kanisa lile tangu lilipokuwa la nyasi, na alikuwa na sauti ambayo akisimama mlangoni na kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto, yule mtu alikuja, na wengine wawili wasioitwa nao walikuja kwa hofu. Mtu mmoja aliwahi kusaga Jumapili kwa siri. Mwinjilisti aliuchukua ule unga mbele ya watu akaumwaga mtoni, na wanasema maji yalikwenda meupe mpaka darajani. Mwenye unga hakukanyaga tena kanisani.

Basi mzee akaugua koo. Ugonjwa ukaila ile sauti yote, ukamwachia mnong'ono tu, na wazee wa kanisa wakaamua apumzike, aende akakae kwa mwanawe. Lakini yeye akawaandikia kwenye kibao cha shule kwamba haondoki bila kuwaaga watu wake kwa kinywa chake mwenyewe. Na watu wake walikuwa wangapi? Milima yote ile. Wangekuja kutoka kila upande, na mzee alikuwa hasikiki hata na mtu aliyekaa naye kitanda kimoja.

Wazee wakanijia. Mkubwa wao akanisalimu kwa Kinyakyusa, akasema, "Fundi, ndaga, pole na kazi. Tumesikia kwenu Iringa mnavyo vyombo vya kupaza sauti."

"Vipo," nikasema.

"Na wewe unaweza kuunda kimoja?"

"Baba, hiyo kwangu ni kazi ya kawaida." (Nilikuwa nimewahi kuunda kimoja tu, na kiliungua. Hilo hawakuniuliza.)

Nikaagiza vifaa Iringa, vingine nikapata Mbeya, nikakaa chumbani kwangu nikaunganisha. Sasa, taa ya redio, kwa yeyote ambaye hajaiona ikifanya kazi, ni chupa iliyofyonzwa hewa yote. Ndani yake kuna kiini kinachowaka wekundu wa kaa, kiini kimezungukwa na wavu mwembamba, na nje ya wavu kuna bati. Umeme unaruka kutoka kwenye kiini kwenda kwenye bati, unavuka patupu bila waya wowote, na ule wavu ndio bawabu. Ukiweka sauti ya mtu kwenye wavu, hata kama ni mnong'ono, umeme ule mkubwa unainuka na kushuka kwa kuufuata mnong'ono. Nimefanya kazi na taa hizi mpaka nimeota mvi, na nawaambieni kweli sijazizoea. Kuna siku nimekaa mbele yake mikono mapajani kama mtu aliye kanisani.

Ugumu wake ni kwamba kabla mtu hajasema neno lolote, lazima uamue taa ikae vipi. Ikilala, nusu ya sauti inakatika, na mtu anasikika kama anayeongea na ugali mdomoni. Ikisimama wima, haina tena pa kuinukia, na zaidi ya hapo inachoka bure na kupata moto hata wakati hakuna anayesema. Inatakiwa ichuchumae, maana aliyechuchumaa anaweza kuinuka na anaweza kushuka. Na kinachoamua hayo yote ni rezista moja iliyofungwa chini ya taa, ndogo kuliko ncha ya kidole, ambayo ukiweka yenye kizuizi kikubwa taa inalala, ukiweka yenye kizuizi kidogo inanyanyuka. Mwalimu wetu jeshini alitufundisha kuchora mstari wa mshazari kwenye karatasi ili kupapata mahali penyewe, na alisema fundi anajulikana kwa mahali anapoikalisha taa yake.

Jumamosi mchana nikaipeleka amplifaya kanisani kuijaribu. Foleni ya mahindi ilikuwa ndefu siku hiyo kwa sababu ya wageni, jiwe linaunguruma mpaka unalisikia kwenye nyayo. Nikawasha, nikasema moja, mbili, tatu, sauti ikatoka inakwaruza, nikapima kwa mita nikaona taa zangu mbili kubwa za mwisho zimelala. Volti zilikuwa chache kuliko zilivyotakiwa. Hapo mtu mwenye akili angejiuliza, volti zimekwenda wapi? Mimi nikatia chuma cha kulehemu kwenye makaa, nikaondoa rezista, nikaweka nyingine ndogo zaidi, na taa zikachuchumaa safi kabisa. Nikajisifu. Nikaifunika mashine na blanketi langu na kuapa sitaigusa tena mpaka kesho, kwa kuwa mashine iliyokubali haichokonolewi.

Na sasa nitawaambia kitu ambacho kinaniuma kuliko vyote. Pale misheni kila mtu alijua kwamba Jumapili taa za madhabahuni huwaka nyeupe kuliko siku nyingine. Walisema ni siku ya Bwana, mwanga nao unajua. Mimi, fundi wa umeme, mwenye mita yangu na cheti cha jeshi, nilikuwa nimekaa chini ya mwanga ule Jumapili baada ya Jumapili nikitikisa kichwa kwa kicho pamoja nao.

Asubuhi ukungu ukainuka, na tulipoona waliokuja, hata wazee wa kanisa waliacha kuhesabu. Watu walijaa mteremko wote kutoka ukuta wa kanisa mpaka kwenye migomba, wakapita migomba, wengine wakakaa mpaka karibu na njia ya mtoni. Ibada ikafanyika nje. Spika zangu mbili zenye midomo ya tarumbeta nilikuwa nimezifunga juu ya mikaratusi, mashine nimeiweka kwenye meza kando ya ngazi, nami nimevaa koti jeusi la kuazima. Kwaya ikaimba. Kisha wakamshika mzee mikono wakamleta mbele ya mikrofoni, nami nikawasha.

Alinong'ona, "Wanangu, amkeni, mmelalaje."

Jamani, mimi ndiye niliyeiunda mashine ile, nilijua kila waya, na bado niligeuka kutazama ni nani mwingine anayesema. Ule mnong'ono uliondoka pale ukaenda bondeni, ukagonga mlima wa ng'ambo, ukarudi. Haikuwa sauti yake ya zamani ya kutisha watu. Ilikuwa mnong'ono kabisa, vile baba anavyomwamsha mtoto, isipokuwa ulikuwa mkubwa kama mlima, na kila mtu aliusikia umewekwa sikioni mwake yeye. Wanawake wakafunika vinywa. Mtu mzima mbele yangu alivua kofia akasahau kuishika, ikaanguka. Mzee mwenyewe alishtuka, akatazama juu kwenye mikaratusi, kisha akatazama watu, na nilimwona amefurahi kwa namna ambayo mpaka leo nikiikumbuka nasamehe mengi duniani.

Akaendelea. Akasema amekuja kuaga na amekuja kuomba radhi, kwa kuwa alikuwa mkali, na ukali mwingine ulikuwa wa Mungu na mwingine ulikuwa wake mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoona doa jekundu. Bati la taa moja, ambalo linatakiwa kuwa jeusi siku zote, lilikuwa limeanza kuiva. Nikadhani ni macho. Nikatazama ya pili, nayo inaiva. Transfoma ikaanza kunuka nta, moshi mwembamba ukatoka, nikachukua kitabu cha nyimbo nikaanza kupepea, taratibu kwanza, kisha kwa nguvu kama mwanamke anayepuliza jiko lenye kuni mbichi, na mzee mmoja wa kanisa akanikazia macho nikampa tabasamu. Kubadilisha rezista kulihitaji makaa na muda. Kuzima ni kumnyamazisha mzee. Nikainua macho kumwomba Mungu, na kupitia mlango wa kanisa nikaiona taa ya madhabahuni inawaka nyeupe pe.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Jiwe limelala, mto wote unaiendea dainamo peke yake, volti zimepanda, na mimi niliikalisha taa kwa kipimo cha Jumamosi.

(Mtauliza kwa nini sikwenda kupunguza maji kwenye mfereji wa gurudumu kwa ule ubao wa kuuzibia. Ni swali zuri. Lilinijia wiki iliyofuata, nikiwa nanyoa ndevu.)

Mimi kichwani nilikuwa na kitu kimoja tu, kwamba jiwe lazima lizunguke. Ufunguo wa mashine alikuwa nao Sekela, mjane aliyesimamia usagaji, na Sekela alikuwa mstari wa mbele wa kwaya. Nikajipenyeza nyuma yao nimeinama.

"Dada Sekela, naomba ufunguo."

"Ufunguo wa nini?" akasema bila kugeuka.

"Wa mashine. Nataka kusaga kidogo."

Nadhani alidhani nimepagawa. Kisha akasema, "Gwe Mhehe. Leo Jumapili. Na anayesema pale mbele unamjua."

"Nisiposaga, sauti yake inakatika sasa hivi."

Akageuka akanitazama, akautazama ule moshi mezani, akamtazama mzee. Akatoa ufunguo kifuani akanitupia mkononi. "Ukikamatwa mimi sikujui," akasema, na akaendelea kutazama mbele.

Niliteremka ule mlima kwa mwendo ambao si wa mtu mwenye koti la kuazima. Nikafungua, nikarudisha mkanda kwenye gurudumu la jiwe, jiwe likaanza kuzunguka tupu, na jiwe tupu halivuti kitu, kwa hiyo nikanyakua debe la kwanza la mahindi lililoachwa kusubiri Jumatatu nikamimina. Likashika. Nikausikia mhimili unapunguza mbio, na juu kule sauti ya mzee ikazidi kuwa nzuri, imetulia. Nikacheka peke yangu. Taa zangu zimechuchumaa.

Kisha sauti ikakatika katikati ya neno. Ni yeye aliyenyamaza, si mashine. Watu wote wakanyamaza, na katika kimya kile cha mlima mzima kilichosikika ni jiwe langu, kru kru kru, siku ya Bwana.

"Nani anasaga?"

Ndugu zangu, nimelisoma lile swali Adamu aliloulizwa bustanini, lakini kulisoma ni kitu kingine. Mnong'ono ulitoka mbinguni, ukapita juu ya bati la kibanda, ukagonga mlima, ukarudi kuniuliza mara ya pili. "Nani anasaga?" Nikaenda nyuma ya gunia nikachuchumaa. Hilo ndilo gunia lenyewe.

Na kutoka pale nyuma nikaona debe linakwisha. Mahindi yakiisha, taa zinaungua, na mzee hajafika mwisho wa maneno yake. Nikitoka, nimeonekana. Basi nikatambaa, nikashika debe la pili nikalimimina lote kwa mkupuo. Jiwe likakabwa. Mhimili ukalemewa, ukakaribia kusimama, na juu kule sauti ya mzee, aliyekuwa ameanza tena, ikazama kama ya mtu anayedidimia kwenye tope. Nikachomeka mti kwenye mdomo wa jiwe nikachokora, unga ukaniruka usoni, mkanda ukachomoka wote kutoka kwenye gurudumu ukanipiga bega, na gurudumu la maji, likiwa halina tena kizuizi, likaruka mbio kama ng'ombe aliyekatika kamba. Kwenye mikaratusi pakasikika mlio mmoja, paa, kama ubao umepasuka. Kisha hakuna kitu.

Sitaki kuwaficha, nililia. Sikulilia taa. Mzee alikuwa na siku moja tu ya kuaga, nami nimeimaliza.

Nikapanda mlima polepole nikitarajia fujo. Hapakuwa na fujo. Palikuwa na kimya na kitu kama upepo mdogo, na nilipofika nyuma kabisa ya watu nikaona ni kitu gani. Mzee alikuwa bado anasema. Alinong'ona kwa wale waliokuwa miguuni pake, nao wakageuka wakawaambia walio nyuma yao, nao wakageuka, na neno likashuka mteremko mdomo kwa mdomo, kwa sauti ya chini, bila mtu kuongeza wala kupunguza, mpaka kwenye migomba na kuvuka migomba. Kila akisema sentensi anangoja ifike mwisho, kisha anasema nyingine. Watu wote wale. Sijapata kuona kitu kikubwa kama kile, na hakikuwa na waya hata mmoja.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, wa mwisho kabisa, akageuka kunipa fungu langu. "Anasema, kama yupo niliyemwaibisha mbele ya watu, anisa..." Akaishia hapo. Nilikuwa mweupe kuanzia nywele mpaka viatu, na koti la kuazima lilikuwa limekuwa kanzu. Akaangua kicheko. Wa mbele yake akageuka, akacheka naye, na kile kicheko kikaanza kupanda mlima kwa njia ile ile ambayo maneno yalishukia, mstari hadi mstari, vichwa vinageuka, mpaka kikafika kwenye ngazi za kanisa, na mzee akasimama akanitazama kutoka kule juu. Kicheko kikafa. Watu walikumbuka ule unga wa mtoni.

Nikamwona anainama na kusema kitu. Wale wa mbele wakatazamana kabla hawajageuka. Hukumu yangu ikaanza kuteremka, naiona inavyokuja na siijui, naona tu nyuso zinavyobadilika inapofika, huyu anashika kidevu, yule anainamisha kichwa, na katikati ya mteremko mwanamume mmoja mtu mzima alipoipokea alijifunika uso kwa mikono miwili, na jirani yake ikabidi aipokee kwa mwingine. Ikapita migomba. Ikafika kwa yule mama. Alikuwa hacheki tena.

"Anasema huo unga usimwagwe," akaniambia. "Anasema apikiwe yeye, leo hii, na aliyeusaga aje wale pamoja."

Na alikula. Mimi nilikula pia, machozi yakinidondokea kwenye mboga, na kando yetu alikaa yule mwanamume aliyejifunika uso, ambaye sikuhitaji kuambiwa ni nani. Ugali ulikuwa mbovu, nusu pumba, kwa maana jiwe lililokabwa halisagi bali linaponda. Mzee alitafuna sana, akanivuta sikio karibu na mdomo wake, akaninong'oneza, "Fundi, ulisaga vibaya."

Tangu siku ile sijaikalisha taa yoyote kabla sijauliza ni nani mwingine anayetumia ule mto, na siku zipi analala. Naipima siku ya kazi na siku ya mapumziko, kisha naikalisha chini kidogo ya pale panaponipendeza, ili siku nisiyoijua ikija iwe na nafasi. Na mashine ya kusaga siikaribii tena. Mke wangu akinituma na debe, namlipa mtu anipelekee.